Kabla hujapanda ndege na leptopu ya maabara

Wadogo zangu mnaokuja Marekani kusomea uinjinia, hasa mambo ya droni, chipu, leza na kadhalika, naomba mnisikilize maana mimi kidogo tu niharibu masomo yangu kwa sababu ya begi.

Ilikuwa Desemba, narudi Dar kula Krismasi, nimeshapaki leptopu ya maabara na kamera ya joto ya droni (inayopiga picha za joto la vitu), nia yangu nikaijaribu kwenye shamba la mpunga la mjomba kule Kilombero. Profesa akaiona akaniuliza inaenda wapi, nikamwambia home. Akasema itoe, kesho asubuhi nenda ofisi ya chuo inayosimamia ekspoti, yaani kupeleka vifaa na teknolojia nje ya nchi. Kamera yenyewe unaifumbata kiganjani, ila inatoa picha 30 kwa sekunde, na sheria ya Marekani inalegeza zaidi zile za picha 9 kushuka chini, zikizidi hapo zinabanwa kwa sababu jeshi nalo linazitaka.

Sasa kule ofisini ndo nikasikia kubwa zaidi. Teknolojia ikishawekwa kwenye orodha ya serikali ya vitu vinavyobanwa, kumuonesha mgeni michoro yake humohumo Marekani inahesabika umeipeleka kwao, yaani mimi Mtanzania nikifunguliwa faili tu, tayari imefika Tanzania na wala sijatoka getini! Mwenye green card hilo halimhusu. Na watu wanafungwa kweli, J. Reece Roth, profesa wa University of Tennessee, alikuwa na mradi wa droni za jeshi la anga, akawashirikisha wanafunzi wawili, Mchina na Muirani, akasafiri China na leptopu yenye faili za mradi, mwaka 2009 akapigwa miaka 4 jela, mzee wa zaidi ya miaka 70.

Kwa hiyo ukipewa mradi, swali la kwanza uliza matokeo yataruhusiwa kuchapishwa wazi? Kama ndiyo na hakuna sharti lolote kuhusu wageni, kwa kawaida uko sawa. Ukisikia mfadhili lazima ayapitishe matokeo kwanza, usifungue faili hata moja mpaka ofisi ikuandikie barua au imeili, ya mdomo usikubali. Na vitu vya maabara usitume WhatsApp, hata kwa rafiki wa nyumbani mwenye kiu ya kujifunza, inauma sana hiyo najua.

Mimi nilisafiri na leptopu yangu binafsi, ndani ina CV na picha za familia basi, na mjomba nikamwambia ukweli kwamba kamera haiji.