Simu ya gerezani ina watu wawili: maneno kwa mafundi wanaoanza

Nimemaliza kupitia michoro ya mifumo ya simu za magereza iliyoandaliwa na vijana walioko kwenye mafunzo kwa vitendo hapa Mbeya, na nimeona ni afadhali niandike mara moja kuliko kurudia maneno yale yale kwa kila mmoja. Zoezi lenyewe mnalifahamu: gereza la kufikirika lenye wafungwa na mahabusu, simu chache za ukutani, seva moja ya kurekodi, na sharti kwamba ijulikane kwa kila simu nani amepiga na nani amepokea. Michoro yenu ni misafi kuliko ile tuliyokuwa tukichora sisi tulipoanza, na nimefurahi kuona kwamba hakuna tena anayeweka seva ya sauti na seva ya kumbukumbu kwenye kifaa kimoja. Hata hivyo, karibu ninyi nyote mmerudia kosa moja la tangu zamani: kwenye jedwali la matokeo mmehesabu simu mbaya zilizozuiwa, na hakuna hata mmoja aliyehesabu simu halali zilizokataliwa. Mfumo unaomkatalia mama kuzungumza na mwanawe umeshindwa kazi sawasawa na mfumo unaomruhusu tapeli, na ninaomba msome yafuatayo mkiwa na jambo hilo akilini.

1. Namba si mtu. Namba inayotokea kwenye kioo hutumwa na upande unaopiga, na mtambo wa simu wa ofisini unaweza kupangwa utume namba isiyokuwa yake. Marekani ililazimika kuziagiza kampuni kubwa za simu ziweke saini ya kidijitali kwenye simu zinazopita katika mitandao ya intaneti kufikia tarehe 30 Juni 2021, na hata saini hiyo inathibitisha tu kwamba mtandao unaitambua namba, bila kusema lolote kuhusu aliyeshika kifaa. Hapa kwetu usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza tarehe 1 Mei 2019, na baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kufungwa. Usajili huo unatuambia ni nani aliyeweka kidole mbele ya wakala siku ile. Nendeni vijiji vya Rungwe au Makete mkaone hali ilivyo: laini anayotumia bibi imesajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, ya mjukuu, mjukuu yuko Tunduma kwenye biashara, na simu yenyewe inashinda kwa jirani mwenye sola. Mkiandika kwenye orodha ya namba zilizoidhinishwa kwamba mwenye laini ndiye mpokeaji, mmemwidhinisha mjukuu na kumwacha bibi nje. Jina la mwenye laini na jina la mpokeaji yawe na nafasi mbili tofauti, na uhusiano wa mpokeaji na mfungwa uandikwe.

2. Namba ya siri ya mfungwa hunyang'anywa. Mmoja wenu ameandika kwamba namba ya siri "inamtambulisha mfungwa bila shaka yoyote", nami nimeipigia mstari sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu. Mnyonge kwenye bweni hana siri mbele ya mwenye nguvu. Dakika zake zitatumiwa na mwingine, naye atanyamaza. Ndiyo maana mifumo mingi ya nje huongeza ulinganisho wa sauti juu ya namba ya siri, na wengi wenu mmeuiga, jambo ambalo ni jema. Mlichosahau ni kwamba sauti hubadilika. Anayeifahamu baridi ya Uyole au ya Mafinga mwezi wa Juni na Julai anajua jinsi bweni zima linavyoweza kuamka na mafua, na siku hiyo mashine yenu itawakataa watu waliokubaliwa wiki iliyopita. Mashine ikikataa, wekeni njia ya pili: askari wa zamu amtambue mhusika kwa sura na kwa picha iliyoko kwenye jalada, na jina la askari huyo libaki kwenye kumbukumbu. Namba ya mfungwa isiwe sehemu ya namba yake ya siri.

3. Mtu wa nje. Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo kila kundi la vijana linapoanguka.

Kabla ya kuingia kwenye kazi hii nilikuwa katika kituo cha huduma kwa wateja, kitengo cha kuhakiki wapigaji waliosahau namba ya siri ya fedha za simu. Jioni moja alipiga mzee kutoka upande wa mashamba ya chai. Alisema laini imejifunga, na ndani yake kuna fedha alizotumiwa na wanawe ili mkewe ahamishwe kutoka zahanati na kuletwa Hospitali ya Rufaa. Karani aliyempokea alifuata mwongozo bila kuruka hata mstari mmoja: ataje miamala ya mwisho, ataje salio, ataje namba alizozipigia karibuni. Mzee hakujua miamala, kwa kuwa yeye humkabidhi wakala simu na wakala hufanya kila kitu. Hakujua salio kwa shilingi, alijua tu kwamba fedha zinatosha gari na dawa. Namba za watu alikuwa akizitambua kwa picha ndogo alizowekewa na bintiye mbele ya kila jina. Karani alizungumza Kiswahili cha haraka cha kituoni, mzee akajibu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kinyakyusa, na kadiri alivyorudia kusema habari ya mkewe ndivyo sisi tuliokuwa karibu tulivyozidi kumshuku, maana wakati huo matapeli wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" walikuwa wametufundisha kumwogopa kila mwenye haraka na kila mwenye mgonjwa. Majibu matatu yalikosewa, laini ikafungwa hadi siku ya pili, na kwenye ripoti ya zamu tukaandika kwamba jaribio la udanganyifu limezuiwa. Karani alipongezwa mbele ya wenzake. Ripoti ile ilikuwa na saini yangu pia.

Kesho yake mzee alikuja mwenyewe, amevaa koti zito, mkononi ana kitambulisho na barua ya mtendaji wa kijiji. Tulimweka kwenye kifaa cha alama za vidole, na kifaa hakikusoma hata kidole kimoja, kwa sababu miaka ya kuchuma chai na kushika jembe ilikuwa imevisugua vidole vyake hadi vikawa laini. Kwa hiyo mashine nayo ikawa inamkana, akiwa amesimama mbele yetu na kitambulisho chenye picha yake. Ilichukua muda mrefu hadi msimamizi mmoja mwenye busara alipoamua kwamba sura, kitambulisho na barua vinatosha. Mkewe alikuwa amefika hospitali usiku ule, baada ya familia kuuza mtamba kwa bei ya kutupa ili kupata gari. Mzee hakugomba wala hakutukana. Alipomaliza kuweka sahihi kwa kidole gumba alituuliza jambo moja tu: "Wanangu, jana mlitaka niwajibu nini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, nami nimekuwa nikilitafuta jibu hilo katika kila mfumo ninaougusa tangu siku hiyo. Maswali yetu yalimpima kama karani wa benki, wakati yeye alikuwa mkulima anayesaidiwa na watu anaowaamini. Tapeli mwenye kuandaa karatasi yake angeyajibu yote.

Sasa rudini kwenye michoro yenu. Mfungwa amepiga, simu inaita Makete, mama anapokea, na badala ya sauti ya mwanawe anasikia mashine ikisema haraka kwamba simu hii inatoka gerezani, itarekodiwa, abonyeze moja kukubali au mbili kukataa. Mama huyo ameonywa na wanawe wote asibonyeze chochote anachoambiwa na sauti asiyoijua. Anakata. Seva yenu inaandika "mpokeaji amekataa", na mfungwa anaambiwa kwamba mama yake amekataa kuzungumza naye. Tafakarini uzito wa neno hilo kwa kijana aliyefungwa mbali na kwao. Mpokeaji aliyekata bila kubonyeza chochote hajakataa, na kumbukumbu ziwe na nafasi yake peke yake.

Dawa yake inajulikana. Kwenye mifumo ya Marekani mfungwa hutaja jina lake, na jina hilo husikika kwa sauti yake mwenyewe katikati ya tangazo. Mama akisikia sauti ya mwanawe, atasubiri. Jina lirekodiwe mara moja tu, mbele ya askari, kwa sababu panapoachwa nafasi ya kurekodi kila safari, watu huitumia kupitisha ujumbe bila malipo. Tangazo liwepo kwa Kiswahili cha polepole, na kwa Kinyakyusa, Kihehe, Kibena na Kikinga kwa anayeomba. Kuwapata wasomaji wa lugha hizo hapa nyanda za juu si kazi ngumu. Na kabla ya simu ya kwanza, ofisa ustawi ampigie mpokeaji amweleze kitakachotokea. Uhakiki wa mtu wa nje ufanyike siku hiyo, kwa utulivu, pamoja na barua ya mtendaji inapohitajika, ili siku ya mazungumzo asitahiniwe upya.

4. Kukata simu kwa kushuku. Ile sehemu ya kugundua kwamba mpokeaji ameunganisha mtu wa tatu mmeichukua kama ilivyo kutoka kwenye maelezo ya watengenezaji. Mifumo mingi ya aina hiyo husikiliza mlio mdogo wa kubofya au ukimya wa ghafla kwenye laini, kisha huikata simu. Huko nje, kwenye laini nzuri tu, wafungwa wamelalamika miaka mingi kwamba simu zao hukatwa kwa sababu mama alinyamaza akilia, au mtoto aliangusha kikombe. Mtu anayepokea kwenye bonde la Ukinga, ambako mtandao huja na kuondoka na upepo, atakatwa kila siku. Simu ya kushukiwa iwekewe alama isikilizwe baadaye na mtu, isikatwe na mashine. Laini iliyopangwa kuelekeza simu kwenda namba nyingine ni jambo jingine. Hiyo izuieni mapema pale mtandao unapotoa taarifa.

5. Wakili. Katika michoro yote kumi na zaidi niliyoipitia, seva hurekodi kila kitu, na namba za mawakili "zitaondolewa baadaye". Baadaye hiyo ndiyo iliyowaumbua wakubwa. Mwaka 2015 waandishi wa habari nchini Marekani walionyesha kwamba kumbukumbu zaidi ya milioni 70 za simu za wafungwa zilikuwa zimevuja, na ndani yake walikuta rekodi zisizopungua 14,000 za wafungwa wakizungumza na mawakili. Mwaka uliotangulia, waziri wa sheria wa Uingereza, Chris Grayling, alilazimika kusimama bungeni na kuomba radhi kwa sababu simu za wafungwa kwa wabunge wao zilirekodiwa, na nyingine zikasikilizwa. Kanuni za Mandela, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2015, zinasema katika kanuni ya 61 kwamba mfungwa awasiliane na wakili wake bila kucheleweshwa, kuingiliwa wala kukaguliwa, na kwa usiri kamili. Mahabusu ambaye hata hajahukumiwa anahitaji ulinzi huo kuliko mtu yeyote, na kurekodi kukishatokea hakuna namna ya kumrudishia siri yake.

Kwa hiyo kinachobadilika ni mpangilio wa mwanzo. Namba isiyopewa aina isipigike kabisa. Aina ya "wakili" izime kurekodi kwenye mtambo wenyewe, msitegemee kufuta baadaye. Na namba ya ofisi ya wakili ichukuliwe kwenye daftari la mawakili, isichukuliwe kwa maneno ya mfungwa wala kwa maneno ya anayepiga akijitambulisha. Kisha pigeni namba hiyo, zungumzeni dakika mbili, nendeni kwenye hifadhi ya seva mkaitafute sauti yenu. Mkiikuta, msikabidhi kazi.

6. Gharama. Sekunde za tangazo na za uhakiki zisihesabiwe kwenye malipo. Someni habari za Martha Wright, bibi wa Washington asiyeona, aliyepeleka ombi mwaka 2003 kwa tume ya mawasiliano ya Marekani kwa sababu kumsikia mjukuu wake aliyefungwa kulikuwa kunammaliza; tume iliweka ukomo wa bei kwa simu za kutoka jimbo hadi jimbo mwaka 2013, na sheria yenye jina lake ilitiwa saini Januari 2023, yeye akiwa amekwisha kufariki. Kila ukaguzi mnaouongeza kwenye mchoro hulipiwa na mtu fulani, na mara nyingi ni bibi wa namna hiyo.

7. Saa za seva zote zilingane. Kila mabadiliko ya orodha yawe na jina la aliyeyafanya. Umeme ukirudi baada ya kukatika, mfumo uanze ukiwa umezima kurekodi simu za mawakili, kwa sababu hitilafu nyingi za aina hii huzaliwa dakika za kuwasha upya.

Michoro nitairudisha leo jioni, na nitaipokea tena Jumatatu. Kila mmoja aongeze jedwali la simu halali zilizokataliwa, likigawanywa kwa aliyekataa: mashine, askari, mtandao, au mpokeaji mwenyewe kwa kubonyeza. Aidha, kila mmoja ampigie ndugu yake mmoja mzee kijijini, amchezee tangazo lake bila kumwandaa, kisha aandike neno kwa neno alichojibu mzee huyo, pamoja na salamu zake.