Kwa mwuguzi mpya wa kliniki ya afya ya akili

Mwaka wangu wa kwanza nilidhani kazi yangu ilikuwa kuwatoa watu ushirikina. Mama mmoja alimleta mwanawe akasema amerogwa. Nikamkatiza na kumweleza kwamba huo ni ugonjwa, uchawi haumo. Aliitikia, "Sawa, daktari" (wengi watakuita hivyo hata kama wewe ni mwuguzi), akapokea dawa, na hakurudi tena.

Siku hizi sianzi na "Mbona mmechelewa?" Nauliza walianzia wapi. Wakiona hujalidharau jibu lao, watakueleza habari za mganga, za shehe au za maombi, pamoja na dawa za miti ambazo mgonjwa bado anakunywa na ambazo unapaswa kuzijua kabla hajaanza za kwetu.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni la ukoo. Katika jamii zetu nyingi, kabla posa haijakubaliwa, wazee huchunguza kama upande wa pili una kifafa, ukoma au wendawazimu. Kwa hiyo familia inayomficha kijana katika chumba cha uani huenda inawalinda dada zake ambao hawajaolewa, na inaposema ana majini inachagua jina lisilowachafua: jini limeingia kutoka nje na laweza kuondoka, ilhali kichaa huaminika kuwa kimo katika damu. Mimi niliuita ujinga, kumbe familia hizo zilikuwa zinapiga hesabu. Ndiyo maana sitamki jina la ugonjwa mbele ya foleni, wala simwandikii mtu rufaa ya kwenda Mirembe bila kukaa naye kwanza, kwa sababu hospitali hiyo ya magonjwa ya akili ya Dodoma, iliyopo tangu 1927, mitaani jina lake limegeuzwa kuwa tusi.

Mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, naye si lazima aseme ana huzuni. Atalalamikia kichwa, moyo kwenda mbio, au atasema "nina mawazo mengi". Usimsahihishe; uliza mawazo hayo yalianza lini, na kama yamewahi kumfikisha mahali pa kutaka kufa.

Mwisho, kabla hawajaondoka, uliza ni nani atakayempa dawa jioni, kisha mweleze huyo. Mara nyingi si kaka aliyejibu maswali yote, bali ni bibi aliyekaa kimya kwenye benchi.