Muulize fundi wa fotokopi: kurasa zinazoongezeka, kitabu cha kwaya na vumbi la Juni

Mezani kwangu, hapa kibandani Kamalondo, Lubumbashi, kuna barua nne ambazo waandishi wake wameambiwa kitu kimoja: nunua imprimanti (mashine ya kuchapa) nyingine. Watatu wasinunue. Wa nne nitamwambia anunue kipande. Kompyuta zetu nyingi zinaongea Kifaransa, kwa hiyo majina ya vitufe nayaacha jinsi mnavyoyaona kwenye skrini.

*Yambo Papa. Ninamaliza travay (kazi ya utafiti) yangu chuoni. Kwenye kompyuta ya kaka yangu ina kurasa 62. Niliipeleka kwa kle ya USB kwenye sekretaria moja (kibanda cha kuchapa na fotokopi) karibu na kampasi, ikatoka kurasa 65. Majedwali mawili yamekatika katikati, na namba za kwenye yaliyomo hazilingani na kurasa. Kijana wa pale alipambana na mashine iliyokuwa inawasha taa ya chungwa, mwishowe akasema imprimanti yao ndivyo ilivyo. Direkta wangu, msimamizi wa travay, anapima kila kitu kwa rula. Nifanyeje? – Mwanafunzi, Kampemba*

Pole, mwanangu. Umelipia kurasa tatu ambazo hukuziandika. Imprimanti haiongezi kurasa. Inatoa kile ilichopewa na kompyuta. Kilichonionyesha njia ni hiyo taa ya chungwa.

Sisi tunatumia karatasi ya A4, milimita 210 kwa 297. Marekani na Kanada wanatumia Letter, milimita 216 kwa 279, yaani pana kidogo lakini fupi kwa karibu milimita 18. Mashine nyingi zinafika hapa zikiwa bado zimepangwa kwa Letter. Travay yako iliomba A4, mashine ikaamini kwamba trei yake ina Letter, ikasimama na kuwasha taa ikidai iwekewe karatasi. Ndani ya trei kulikuwa na A4 hiyohiyo, lakini mashine haina macho. Kijana, ili kuinyamazisha, akaenda kwenye dirisha la "Imprimer" la Word na kuchagua "Lettre". Taa ikazima. Ila kisanduku kile hakibadilishi uchapaji tu: Word inapanga upya maandishi yako kwenye ukurasa mfupi. Kwa herufi za saizi 12 na nafasi ya mstari na nusu, kila ukurasa unapoteza mistari miwili na kitu. Upana unarudisha kidogo, si yote. Kurasa zako tatu ziko hapo, na yaliyomo ikabaki na namba za zamani kwa sababu hakuna aliyeifanyia "Mettre à jour", yaani kuisasisha.

Kuna mshukiwa wa pili, aina ya herufi. Faili ya Word kwa kawaida haibebi herufi zenyewe, inabeba jina lake tu. Kompyuta isiyo na aina hiyo inaweka nyingine yenye upana tofauti, na mistari inahama. LibreOffice inajitahidi: badala ya Calibri inaweka Carlito, ambayo upana wa herufi zake ni uleule, na mara nyingi hutaona tofauti. Lakini zile herufi za mapambo mnazopakua kwenye intaneti kwa ajili ya ukurasa wa kwanza hazina mbadala.

Basi usipeleke tena Word kwenye sekretaria, ya kwangu ikiwamo. Nyumbani, fungua "Mise en page", kisha "Taille", uhakikishe ni A4. Sasisha yaliyomo. Halafu "Enregistrer sous", chagua PDF. Muundo huo uliletwa na Adobe mwaka 1993 kwa shida kama hii yako: kurasa zisibadilike kutoka mashine hadi mashine, na kwa kawaida herufi zinasafiri ndani ya faili.

Bado kuna mtego mmoja, na huo ndio ninaouona kila siku. Dirisha la kuchapa PDF lina "Ajuster" na "Taille réelle" (saizi halisi). "Ajuster" inapunguza ukurasa wote ili uingie kwenye kile mashine inachodhani ni karatasi yake. Ikidhani ni Letter, inashuka hadi asilimia 94. Macho hayaoni, rula ya direkta wako inaona. Chora kwenye ukurasa wa majaribio mstari wa sentimita 10 kamili, uchape, uupime. Ukikuta 9.4, unajua kilichotokea na unajua cha kumwambia kijana: "Taille réelle", A4, hapo ndani na kwenye "Propriétés" za imprimanti pia. Akikasirika, mchekee, lakini usilipe kabla ya kupima.

"Ajuster" si adui wa siku zote. Mashine nyingi haziwezi kuweka wino kwenye milimita 4 au 5 za mwisho za karatasi. Ukiwa na brevet (cheti) yenye fremu inayogusa ukingo, "Taille réelle" itakula fremu. Hapo acha "Ajuster" ifanye kazi.

*Papa, tuna kwaya ya watu wengi na nyimbo zetu ziko kwenye PDF ya kurasa 22. Tunataka kitabu kidogo cha kukunja katikati. Tumejaribu kuchapa pande mbili, upande wa nyuma unatoka kichwa chini, na mpangilio wa kurasa haueleweki. – Kiongozi wa kwaya, Katuba*

Kwenye Adobe Reader, karibu na "Ajuster", kuna kitufe "Livret". Kinapanga kurasa chenyewe, msihangaike kukata na kubandika. Kitabu cha kukunja kinakwenda kwa nne, kwa hiyo 22 zenu zitakuwa 24, mbili za mwisho tupu (andikeni humo majina ya sauti ya kwanza na ya pili), na karatasi za A4 zitakuwa 6. Karatasi ya nje itabeba ukurasa wa 24 na wa 1 upande mmoja, na wa 2 na wa 23 upande wa pili. Jumlisha kurasa mbili zilizo pamoja upande wowote, utapata 25. Ndivyo ninavyokagua kabla ya kubana pini, na mteja anadhani ni uchawi.

Kichwa chini kinatokana na mgeuzo. Karatasi ya kitabu cha kukunja imelala, kwa hiyo inageuzwa kwa ukingo mfupi, "bord court". Nyinyi mmeacha "bord long", inayofaa barua ya kawaida iliyosimama. Kama mashine haigeuzi yenyewe, ndani ya "Livret" chagueni upande wa mbele peke yake, rudisheni karatasi kwenye trei, kisha upande wa nyuma. Kila mashine inameza kwa namna yake: wekeni alama ya X kwa kalamu ya risasi kwenye kona ya karatasi moja, muipitishe, muone X imetokea wapi. Msianze na nakala 40.

Jambo ambalo hamkuuliza: ukurasa wa A4 ukiingia kwenye nusu karatasi unashuka hadi asilimia 71. Herufi ya 12 inakuwa kama 8 na nusu. Mama wa alto hataisoma kanisani jioni. Andikeni kwa 16, zitatoka kama 11. Kurasa zitaongezeka, na hesabu ya nne inaanza upya.

*Kila nikituma kazi haitoki. Naifuta, inaandika kwamba inafutwa, na haifutiki. Leo imetoa barua ya mteja wa juzi. – Mwenye sekretaria, Ruashi*

Foleni ya kazi za kuchapa imeganda. Zima mashine. Kwenye Windows tafuta "Services", ndani yake "Spouleur d'impression", bonyeza "Arrêter". Nenda C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa faili zilizomo, folda yenyewe uiache. Rudi ubonyeze "Démarrer", washa mashine, tuma ukurasa mmoja.

Ikirudia kesho, angalia orodha ya imprimanti. Ukiona jina la mashine yako mara mbili, moja likiwa na "Copie 1", mtu amehamisha waya wa USB kwenye tundu lingine, na Windows ikaona mashine mpya. Kazi zako zinaenda kwa ile isiyo na waya. Chagua ya kweli kuwa "par défaut", nyingine uifute. Na PDF ikitoa miraba badala ya herufi, nenda "Avancé" uichape kama picha. Itachukua muda zaidi, lakini itatoka.

*Tangu kiangazi kuanza laser yangu inaweka mstari mweusi toka juu hadi chini, pia kuna doa linalojirudia. Ya wino, umeme ukikatika na kukaa siku mbili, inatoa mistari myeupe. Nimeifanyia nettoyage (usafishaji) mpaka kartushi imeisha. – Mama wa duka la vifaa vya shule, komini ya Kenya, Lubumbashi*

Mama, umeandika mashine mbili, nakujibu mbili.

Kwa laser, pima doa kwa rula. Doa linalojirudia kwa umbali uleule linatoka kwenye kitu kinachozunguka, na umbali huo ndio mzingo wake. Kwenye kartushi nyingi ndogo ngoma ya ndani ina mzingo wa kama milimita 75. Ukipata 75, ngoma imeumia, badilisha kartushi. Hicho ndicho kipande nilichosema ununue. Mstari mweusi ulionyooka mara nyingi ni mkwaruzo kwenye ngoma hiyohiyo, au uchafu. Vumbi letu jekundu la Juni na Julai linaingia kila mahali, na meza yako iko mlangoni. Isogeze ndani, ifunike jioni kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Tona (wino wa unga) ikimwagika, usitumie maji moto, yanaigandisha, wala usipulize kwa mdomo.

Kwa ile ya wino, nettoyage ndiyo iliyokunywa wino wako. Kila safari inanyonya wino na kuutupa kwenye sifongo ndani ya mashine. Fanya mara moja, chapa ukurasa wa majaribio. Ikibaki mistari, iache saa kadhaa kabla ya kurudia. Sababu yenyewe ni kukatika kwa umeme. Ukiizima kwa kitufe chake, kichwa cha wino kinarudi pembeni na kufunikwa. Umeme ukikatika kati ya kazi, kinabaki wazi na kukauka. Umeme ukirudi, iwashe, isubiri itulie, kisha izime kwa kitufe kama umemaliza. Kama una onduleri ndogo (kifaa kinachoshikilia umeme ukikatika), iwekee hiyo ya wino. Laser usiichomeke humo: sehemu yake inayoyeyusha tona inavuta umeme mwingi kwa ghafla, na onduleri ndogo itapiga kelele na kuzima.

Mvua zikianza Novemba shida itageuka, karatasi zitanyonya unyevu na kukwama. Ramu iliyofunguliwa irudishe kwenye mfuko wake.

Na wewe uliyetuma swali fupi kuhusu picha za viza zinazokatwa kidevu: kwenye dirisha la Windows la kuchapa picha, ondoa alama kwenye "Ajuster la photo au cadre". Hiyo ndiyo inayojaza fremu na kukata kinachozidi. Halafu pima: kwa viza nyingi ni 35 kwa 45, milimita.