Jibu: Picha za kolodioni kwa kamera ya dijitali
Salaam ndugu. Unasema picha ya babu uliyopiga Kongwa, ukiigeuza nyeusi na nyeupe, inabaki ya kisasa. Haifanani na zile za kolodioni, dawa ya kunata iliyopakwa kwenye kioo, zilizoanza 1851. Kwanza, kwenye programu ya kuhariri picha, angalia chaneli za rangi, yaani nyekundu, kijani na buluu zinazounda picha. Kolodioni haikuiona nyekundu, iliona buluu na urujuani. Basi unapoigeuza nyeusi na nyeupe, weka buluu asilimia 100, nyekundu na kijani 0.

Nilifanya hivyo kwa picha ya mzee mmoja Chamwino: udongo mwekundu ukawa mweusi tii, anga jeupe pee, makunyanzi yakajichora usoni kama gome la mbuyu. Nilikaa naitazama tu! Ila piga faili ghafi (RAW, ambalo kamera haijalibana), buluu ya JPEG ina chengachenga. Kwa simu sijajaribu.