Sanduku la Ngoma: Indie na Pop za 2010 hadi 2019, Wasomaji Wanauliza

Wasomaji wangu, mambo. Toleo lililopita niliandika ngoma zangu za miaka kumi, 2010 hadi 2019, upande wa indie, yaani muziki usiosimamiwa na lebo kubwa, na pop, nikaweka Robyn nambari moja na "Dancing On My Own", alafu nikaiweka "Call Me Maybe" ya Carly Rae Jepsen juu ya "Someone Like You" ya Adele. Barua zimeingia kutoka Kondele mpaka Njoro mpaka Busia, zingine za kunipongeza na nyingi za kuniita kando tuongee. Nimechagua hizi.

Kaka, mimi husoma hii kurasa yako kila mwezi lakini hapo kwa Adele ulinipoteza. Yule dada anaimba na piano tu mpaka mwili unasisimka, huyo mwingine ni wimbo wa watoto wa shule. Hebu jitetee.
*Msomaji wa Kondele, Kisumu*

Omera, najitetea na sirudi nyuma hata hatua moja. Adele simdharau, nani anaweza, hiyo albamu yake ya 21 ilitoka 2011 na miaka hiyo ukipanda matatu ya usiku hapa Kisumu kwenda Nairobi kabla ufike Kericho ushasikia "Rolling in the Deep" na bado itarudiwa. Lakini sisi tuna hii tabia ya kuona wimbo wa huzuni ndio mzito na wa furaha ni mwepesi, na mtu yeyote ameshawahi kujaribu kutunga atakwambia wa furaha ndio unatoa jasho. "Someone Like You" inabebwa na sauti ya Adele, piano inazunguka pale pale mwanzo mpaka mwisho, na ukimpa mtu wa sauti ya kawaida auimbe mtaangaliana tu. "Call Me Maybe" hata ikiimbwa vibaya inasimama, umewahi kuona watu wameiimba vibaya ikaharibika? Skiza zile vayolini kwa kiitikio. Dada anasema kamstari kafupi, vayolini zinamjibu, anasema kengine, zinamjibu tena, hakuna nafasi imeachwa tupu na hakuna kitu kimezidi. Hiyo ni ufundi.

Na ukumbuke huyu dada alikuwa nambari tatu kwa Canadian Idol 2007, wimbo ukatoka Kanada 2011 na hakuna aliyekuwa anamjua nje, 2012 ukakaa juu ya chati ya Marekani wiki tisa. Watu wakasema ameisha. 2015 akatoa albamu ya Emotion, inafunguliwa na "Run Away with Me" na ile saksafoni inayoingia kama imevunja mlango, na hiyo albamu haikuuza sana lakini wale wale watu wa indie ambao 2010 wangeona aibu kushikwa wakiskiza pop ndio walioibeba. Kwangu hapo ndipo ukuta kati ya indie na pop ulianguka, na ndio maana niliweka zote kwa orodha moja na sikuzitenganisha.

Mwandishi, nilidhani indie ni zile bendi za wazungu wa gita na ndevu. Mbona uliingiza Just A Band na Sauti Sol? Hao si ni pop ya kwetu tu?
*Msomaji wa Section 58, Nakuru*

Dada yangu, ndevu hazihusiki. Mimi naangalia nani amelipa studio na nani ana neno la mwisho kuhusu wimbo. Robyn mwenyewe niliyemweka juu ni mtu wa pop kabisa, dansi, sinthesaiza, kila kitu, lakini aliachana na lebo kubwa akaanzisha yake, Konichiwa Records, 2005, na "Dancing On My Own" ya 2010 ilitoka huko. Wimbo wa kucheza na kulia kwa wakati mmoja, anamwona mpenzi wake wa zamani na mtu mwingine pale pale klabuni na yeye anaendelea kucheza peke yake. Kampuni inayotaka redio haraka ingemwambia apunguze uchungu, hiyo ni maoni yangu lakini nayashikilia.

Sasa tukienda kwa kipimo hicho, Kenya karibu kila mtu ni indie! Nani alikuwa na lebo kubwa ya kumlipia studio, video, na kumtembeza redioni? Just A Band walikutana Chuo Kikuu cha Kenyatta, wakajitengenezea muziki, wakajichorea, wakajipigia video, na Machi 2010 "Ha-He" ikatoka na video ya yule jamaa wa afro na kitambaa kichwani, Makmende, na nchi nzima ikaingia wazimu. Wengi walishika utani wa Makmende wakasahau wimbo wenyewe, na hiyo huniuma mpaka leo, juu ni wimbo mzuri sana, biti ya fanki imetulia, besi inatembea, na sauti inakuja kidogo kidogo kama mtu anayejiamini. Kama hujaiskiza bila video, fumba macho uiskize leo.

Sauti Sol wao walianza na sauti tatu, alafu gita la Polycarp likaingia, albamu ya Mwanzo ni ya kukaa chini na kuskiza, na walipofika "Sura Yako" 2014 walikuwa wameshajua kuchezesha harusi nzima bila kuacha zile sauti za kupangana. Mwaka huo huo wakachukua tuzo ya MTV Europe ya msanii bora wa Afrika. Mimi nikiskiza ile ngoma ya "Sura Yako" na ile dansi ya Lipala nasikia isukuti, zile ngoma za Waluhya, ndani yake, mtu wa Kakamega hatanibishia. Elani nao, watu watatu, gita na sauti, Kiswahili safi, sijui kwa nini hawatajwi zaidi. Na usimsahau Dela, Adele ametoa "Hello" Oktoba 2015 na haikuchukua muda Dela akawa ameiimba kwa Kiswahili, na haikuonekana kama kitu cha kuazimwa hata kidogo, ilikaa kama imetungiwa huku.

Mimi ni mzazi. Msichana wangu wa kidato cha pili anaskiza Billie Eilish usiku na mchana na hizo nyimbo ni za giza, sauti ni ya kunong'ona, hata sielewi anasema nini. Niwe na wasiwasi?
*Mama wa Free Area, Nakuru*

Mama, kwanza asante kwa kuuliza badala ya kunyakua simu. Huyo msichana Billie na kaka yake Finneas walirekodi albamu yao ya kwanza nyumbani kwa wazazi wao Los Angeles, kwa chumba cha kulala cha kaka. Ndio maana ananong'ona, mtu akirekodi karibu hivyo na maiki hahitaji kupaza sauti, na ukiweka iyafoni inakuwa kama ameketi kando yako. "Ocean Eyes" waliiweka mtandaoni 2015 akiwa na miaka 13 na kaka ndiye aliitunga. 2019 "bad guy" ikawa nambari moja Marekani, na ukiskiza vizuri kuna mlio wa taa za kuvukia barabara ambao walirekodi wakiwa Australia wakauingiza kwa biti. Januari 2020 wakabeba zile Grammy nne kubwa usiku mmoja.

Na hakuanzisha yeye huo mtindo wa kutumia vitu vichache. Lorde wa New Zealand alikuwa na miaka 16 "Royals" ilipotoka duniani 2013, na ile ngoma ukiifungua ndani ni vidole vinapigwa, dramu nzito chini, na sauti, basi. Wakati kila redio ilikuwa inapiga nyimbo zimejazwa mpaka hakuna hewa, huyu mtoto alikuja na nafasi tupu na ikashinda. Mimi naiweka kwa tano bora zangu.

Kuhusu giza, kweli zipo nyimbo zake nzito, kama "everything i wanted" ambayo inatokana na ndoto aliyoota amekufa, lakini huo huo wimbo kiini chake ni kaka yake anavyomshika asianguke. Muulize msichana wako ni gani anapenda zaidi na kwa nini, alafu skizeni pamoja mpaka mwisho bila wewe kusema kitu. Ukiona amejifungia, hali chakula, haongei na watu, hiyo si mambo ya Billie tena, hapo tafuta mtu wa ushauri nasaha na uende naye.

Ndugu, mimi napiga gita la benga na nimechoka kuambiwa muziki wetu ni wa wazee. Kwa hizi indie zenu kuna mtu anapiga kama sisi?
*Mpiga gita, Bungoma*

Ndugu yangu hili swali nimelipenda kuliko yote. Jibu ni ndiyo, na itabidi nitoke kidogo nje ya hiyo miaka kumi.

Tafuta Extra Golden. Ian Eagleson alitoka Marekani akaja Kenya kufanya utafiti wa benga, huu muziki wa gita wa Waluo, akakutana na Otieno Jagwasi wa Orchestra Extra Solar Africa, na yeye na mwenzake Alex Minoff ambao walikuwa na bendi yao ya roki wakaungana naye. Albamu ya kwanza, Ok-Oyot System, ilirekodiwa Nairobi ikatoka 2006 kwa lebo ndogo ya Chicago inaitwa Thrill Jockey. Jagwasi hakuiona ikitoka, alifariki 2005. Waliobaki waliendelea, Opiyo Bilongo akaingia, na walipoalikwa kucheza Chicago viza zikawa shida mpaka ofisi ya Obama, wakati huo akiwa seneta, ikawasaidia, ndio wakatunga wimbo unaitwa "Obama" kwa albamu ya 2007, Hera Ma Nono. Hiyo ni kabla hata awe rais. Gita la roki na gita la benga zinaongea bila moja kumeza nyingine, na ni ajabu hata hapa Kisumu ukiuliza watu kumi kuhusu Extra Golden wanakutazama tu.

Alafu kuna Vampire Weekend wa New York. Albamu yao ya 2008 ina "Cape Cod Kwassa Kwassa", jina lenyewe linakuonyesha walikuwa wanaskiza Wakongo. Lile gita jembamba, safi, linalopigwa juu juu kwa shingo, utalijua sekunde ya kwanza. Lakini nikwambie ukweli wangu, wanakata wimbo pale ambapo kwetu sebene, ile sehemu magita yanachukua wimbo watu wacheze, ndio inaanza, dakika tatu na wameenda nyumbani. Mtu wa benga atabaki na njaa. Bado waskize, juu walifanya vijana wengi wa indie waache gita la kelele na watafute gita la vidole, na hiyo ikaendelea mpaka ndani ya miaka ya 2010.

Ukitaka cha ndani ya miaka yetu kumi, chukua "The Less I Know the Better" ya Tame Impala, 2015. Ni jamaa mmoja tu, Kevin Parker wa Perth, Australia, studio anapiga karibu kila chombo mwenyewe. Si benga kabisa, lakini besi ndiyo inaongoza wimbo na wewe unajua benga bila besi hakuna mtu anasimama, kwa hivyo ifunze vidole vyako hiyo besi kwanza kabla ya gita. Na wanaokwambia muziki wetu ni wa wazee wapigie nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo, ya Ayub Ogada, En Mana Kuoyo, 1993. Alituacha Februari 2019, na hiyo albamu bado inaskizwa na vijana wa nchi ambazo haziwezi kuonyesha Nyahera, kwao huku Kisumu, kwenye ramani.

Yule Gotye alienda wapi? Wimbo mmoja tu alafu kimya.
*Mwanafunzi, Njoro*

"Somebody That I Used to Know", 2011. Alizaliwa Ubelgiji akalelewa Australia, na ule wimbo aliurekodi nyumbani kwa wazazi wake. Ile gita ya mwanzo ni sampuli ya Luiz Bonfá, Mbrazili, kutoka 1967, na Bonfá ameandikwa kama mtunzi mwenza. Wiki nane juu ya chati ya Marekani 2012, Grammy ya rekodi ya mwaka 2013, pamoja na Kimbra ambaye kwangu ndiye anauokoa wimbo, anaingia katikati anasema upande wake na ghafla yule mwanaume hana haki tena. Hajafa wala hajaacha muziki, alirudi kupiga na bendi yake ya The Basics ambayo alikuwa nayo hata kabla. Si kila mtu anataka kukimbizana na hit ya pili.

Tuko na harusi Busia Desemba, kwaya ya vijana inataka kuingiza maharusi kanisani na wimbo mmoja wa hizo. Kuna mtu amependekeza "Take Me to Church" juu ina neno kanisa, na mwingine "Little Talks". Wewe unasemaje?
*Mwalimu wa kwaya, Busia*

Mwalimu, tafadhali, zote mbili hapana! Hozier wa Ayalandi kwa "Take Me to Church" analikosoa kanisa, na kanisa analotaka kupelekwa ni mpenzi wake, mchungaji akifuatilia maneno hamtamaliza beti ya kwanza. "Little Talks" ya Of Monsters and Men wa Iceland ina tarumbeta tamu na sauti ya mwanamke na mwanaume, naelewa kwa nini mmeipenda, lakini ni mazungumzo ya mtu na mwenzake ambaye amekufa. Na kabla mtu apendekeze "Pumped Up Kicks" ya Foster the People juu ina mluzi mzuri, hiyo ni hadithi ya kijana mwenye bunduki.

Kanisani "Thinking Out Loud" ya Ed Sheeran, 2014, ni salama, inaongelea kupendana mpaka uzeeni na mwendo wake ni wa kutembea. Msiiinue sana ufunguo, Sheeran mwenyewe anapanda juu pale mwisho na soprano zenu zitachoka kabla bibi harusi afike madhabahuni. Alafu mkitoka nje kwa hema, "Sura Yako", na hapo msiimbe nyinyi peke yenu, tafuteni wapiga isukuti wa huko wawaongezee ngoma, kiitikio waachieni wageni.