Hicho cha njano kwenye maranda usikimwagie dizeli

Mkuu umeuliza kuhusu "uji wa njano" ulioibuka usiku mmoja kwenye maranda ya bustani yako, na jirani kakushauri umwage dizeli. Iache hiyo dizeli, utaharibu udongo bure.

Mimi nilikutana nacho hapa Arusha, masika yamekolea, mara ya kwanza kutandaza maranda chini ya mawaridi. Alfajiri mama mdogo akaniita: "Njoo uone, paka katapika." Na paka hatuna! Bonge la njano, lina povu, upana wa sahani. Nikachomeka njiti za kiberiti kuzunguka ukingo wake, nikaenda kazini. Niliporudi jioni, njiti tatu za upande wa kisiki zilikuwa zimeshamezwa. Kinatembea, mkuu. Taratibu, lakini kinatembea.

Kitaalamu kinaitwa Fuligo septica, na wala si uyoga. Ni ute ulio hai, unaotambaa ukila bakteria walioko kwenye mbao zinazooza. Mmea haukihusu kabisa. Kesho yake kilikauka kikawa gamba la kijivu, nikaligusa na kijiti, likafuka vumbi la rangi ya kahawa. Hizo ndizo mbegu zake. Mwenye pumu akae mbali na vumbi hilo. Kama kinakukera, kichote kwa koleo kingali kibichi ukitupe kwenye mboji.

Wageni wengine watafuata. Kuna siku bustani ilinuka, nikatumia nusu saa nzima kutafuta panya aliyekufa, kumbe ni uyoga umesimama nyuma ya kisiki, umevaa sketi ya wavu, kichwani umejaa nzi. Hao nzi ndio wanaoubebea mbegu. Ninavyovipenda zaidi ni vikombe vidogo kama punje ya hindi, ndani vina "mayai" bapa saizi ya ulezi. Tone la mvua likitua humo, mayai yanaruka. Mengine niliyakuta yamenata kwenye majani ya waridi, kimo cha goti.

Wa kuogopa ni uyoga unaoota kwa mafungu kwenye shina la mti ulio hai. Bandua gome kidogo: ukikuta utando mweupe chini yake, mti huo una ugonjwa wa mizizi. Wakulima wa chai Kenya wanaujua vizuri, ndiyo maana miti mikubwa huchunwa gome kuzunguka shina muda mrefu kabla ya kukatwa, ili mizizi iishiwe chakula ambacho uyoga huo ungekila.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Maranda mabichi niliyachimbia kwenye tuta la mchicha, majani yakageuka manjano, lawama zote nikaubebesha ule ute. Kumbe vijidudu vinavyoozesha maranda vilikuwa vinanyang'anya nitrojeni ya mchicha. Nilimwaga samadi iliyoiva, mchicha ukarudi.

Wewe uliyatandaza juu tu, au uliyachanganya na udongo?