Usiguse namba za COBOL kabla hujasoma DATA DIVISION

Mdogo wangu wa Bukavu, acha kwanza! Unasema utahamisha mishahara ya zamani kutoka COBOL, lugha ya zamani ya kuandikia programu za kompyuta, kwenda Python, lugha ya siku hizi, kwa siku 2, eti faili "ni maandishi tu, namba zinaonekana". Halafu unauliza hiyo COBOL ilitoka wapi. Ngoja nikuambie kilichonipata hapa Lubumbashi.

Kampuni moja ilinipa faili la mishahara na madeni ya wafanyakazi. Aliyeniachia kazi, mtu wa kujiita fundi, akaniambia: "Gawa kila kitu kwa 100, basi." Kwa mshahara alisema kweli. Uliandikwa PIC 9(7)V99: PIC inaeleza umbo la namba, 9(7) ni tarakimu saba, 99 ni mbili za mwisho, na ile V ni nukta ya desimali ambayo faili haiioneshi, dola 125.50 inakaa 000012550. Lakini deni lilikuwa PIC 9(5), halina V. Nikaligawa nalo. Mwenye deni la dola 300 akabaki na dola 3, akakatwa hizo 3, akahesabiwa amemaliza. Miezi mitatu hakuna aliyeshtuka, maana mishahara ilitoka sawasawa, na nani atalalamika kwa kukatwa kidogo? Mhasibu alipogundua, madeni yote yakakatwa kwa mkupuo. Baba wa watoto sita akaja mpaka mlangoni kwangu kuniuliza minervali, karo ya shule, ataitoa wapi. Sikuwa na jibu. Yule fundi hakuwahi hata kuifungua programu. Alikuwa anabahatisha na feza za watu!

Na maelezo ya namba hizo yalikuwa mle mle ndani ya programu. COBOL ilianza kubuniwa 1959 chini ya CODASYL, kamati ya wataalamu wa kompyuta, Marekani, ikachota mengi kwenye FLOW-MATIC, lugha iliyotangulia ya mtaalamu wa kompyuta Grace Hopper na wenzake, iliyokwisha kutenga maelezo ya data na amri za kazi. Ndiyo maana kila namba ya faili lako imeelezwa kwenye DATA DIVISION, sehemu ya programu inayoeleza data: ina upana gani, ina desimali au haina, inaweza kuwa hasi au haiwezi. Ukikuta neno COMP-3 kwenye maelezo hayo, tarakimu mbili zimebanwa kwenye baiti moja, na hapo macho yako hayatakusaidia kitu.

Kwa hiyo ichapishe DATA DIVISION kwenye karatasi, kalamu mkononi, upige alama safu moja moja. Deni usilichukulie kama mshahara. Kisha weka hapa mistari ya PIC tuitazame pamoja. Majina ya wafanyakazi usiyaweke.